MJOMBA UKO KARIAKOO, NANI ATAMPA FIGO MTOTO WA KILWA?

WEWE kijana uliyetoka Kilwa, Mchinga au Lindi ukapanda basi kuja Dar es Salaam, leo nina maneno na wewe. Unauza viatu Kariakoo, unapiga debe Mbagala Rangi Tatu, unasukuma mkokoteni Tandika. Mji mzima unakuita Machinga. Jina hilo si tusi. Ni jina la watu wa kwenu, Wamachinga wa pwani ya Lindi, waliotangulia kutembeza bidhaa mkononi mpaka kila mchuuzi wa nchi hii, awe Mchaga au Msukuma, akabatizwa kabila lenu. Aliyeipa nchi nzima jina hawezi kushindwa kusikiliza jambo la nyumbani kwake.

Jambo lenyewe ni figo. Usigeuze ukurasa ukatafute mpira. Mpira upo na wiki ijayo utakuwepo. Hili la figo likibisha hodi kwenye ukoo wako, litakukuta hapo hapo kijiweni na litakutaka jibu.

Tuseme kuna mtoto wa miaka tisa pale Kilwa Kivinje. Ni mfano tu, simsemi mtoto wa mtu. Anaamka asubuhi uso umevimba. Mkojo unatoa povu kama maji ya sabuni. Bibi anasema karogwa, jirani anasema ni chumvi nyingi. Zinapita wiki, inapita miezi. Siku mama anapomfikisha hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha Muhimbili, daktari anasema neno moja: figo zote mbili zimechoka, hazichuji tena.

Hapo zipo njia mbili tu. Ya kwanza ni kuchujwa damu, mara nyingi kwa mashine. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Njia ya tatu haipo. Mwenye kukuuzia chupa ya dawa ya mizizi kwamba inafufua figo iliyokufa, huyo anakupiga changa la macho, na shilingi zako zikiisha hutamwona tena.

MASHINE NA BARABARA

Sasa sikiliza hesabu ya mashine. Kwa kawaida mgonjwa huunganishwa mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, wiki zote za mwaka, Idi na Krismasi zikiwemo. Kutoka Kilwa Masoko mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Hata ukisema mtoto apelekwe Lindi mjini badala ya Dar, kutoka Masoko ni zaidi ya kilomita 150. Nani ana nauli ya safari hiyo mara tatu kwa wiki, mtoto na mama yake, kwenda na kurudi? Ndiyo maana mtoto wa mashine huhamishwa. Shule anaiacha, wadogo zake anawaacha, mama anaacha shamba la korosho na mikeka yake, wanakuja kubanana chumba kimoja Mbagala kwa ndugu. Na ndugu mwenyewe, bila shaka, ni wewe.

Halafu kumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu na mvua zake, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika katika wilaya ya Kilwa. Mabasi yalisimama. Wenye mizigo walilalamika samaki wameoza. Lakini mgonjwa wa mashine damu yake haisubiri greda. Akikosa siku zake, maji yanajaa mwilini, chumvi ya potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo unasimama. Barabara mbovu kwa mtu mzima mwenye afya ni kero. Kwa mtoto huyu ni hukumu ya kifo.

Tena mashine haimkuzi mtoto. Mwenye miaka tisa anaweza kubaki na kimo cha mwenye miaka sita. Kwa hiyo madaktari wa dunia nzima wanakubaliana: kwa mtoto ambaye figo zimekufa, tiba bora ni kupandikizwa, na mapema. Akipata figo nzuri anakula kama wenzake, anakua, anarudi shule.

SI LAZIMA INDIA TENA

Miaka ya tisini figo ilikuwa habari ya vigogo. Mwenye cheo aliruka India, kabwela aliruka kaburini. Lakini tusiwe watu wa kupinga hata ukweli. Novemba 2017 madaktari wa Muhimbili, wakisaidiana na wenzao wa hospitali ya BLK ya New Delhi, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Tanzania. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiwa na Wajapani wa Tokushukai. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba kumpeleka mgonjwa mmoja nje kulikuwa kunakula shilingi milioni 80 hadi 100, na kwamba kufanya kazi hiyo nyumbani ni pungufu ya nusu ya hapo. Hongera kwa madaktari wetu. Nimesema madaktari, wanasiasa waliokwenda kupiga picha kando ya kitanda wasijipake mafuta yasiyo yao.

Sasa daktari yupo, kisu kipo, chumba kipo. Kinachotafutwa ni figo. Na figo haiuzwi dukani. Katika hospitali zetu inatoka kwa ndugu aliye hai, mzima, mwenye mbili, anayekubali kubaki na moja. Hapo ndipo ukoo mzima unapoanza kutazama chini.

KWA NINI KILA MARA MAMA?

Chunguza utaona. Mtoto akihitaji figo, wa kwanza kunyoosha mkono ni mama. Si hapa kwetu tu. Katika nchi nyingi za dunia, wanaotoa figo wakiwa hai wengi ni wanawake, na wanaopokea wengi ni wanaume. Tangu mwanzo kabisa ilikuwa hivyo. Desemba 1952 mjini Paris, fundi seremala wa miaka 16, Marius Renard, alianguka kutoka juu ya jengo. Madaktari wakaitoa figo iliyopasuka, kumbe alizaliwa nayo hiyo hiyo moja. Aliyejitokeza kumpa yake ni mama yake mzazi. Figo ile ilifanya kazi wiki tatu, kisha mwili ukaikataa, na Januari 1953 kijana akafariki. Wakati huo dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo ngeni ilikuwa haijapatikana.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema. Sawa. Lakini mzazi ni mmoja? Baba je? Na wewe mjomba je?

Maana watu wa kusini tunajuana. Kwa Wamwera, kwa Wamachinga, kwa Wamakonde na Wayao, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa msemaji wa watoto wa dada yake. Wakiolewa, mahari yanapita kwako. Wakitoka jandoni, unaitwa. Heshima hiyo unaipenda, na mtoto anakusalimia shikamoo mjomba mpaka unajisikia mfalme. Basi siku mtoto huyo huyo anahitaji figo, isiwe simu yako haipatikani.

HABARI YA NGUVU ZA KIUME

Najua kinachokutisha, maana kijiweni kinasemwa kwa kunong'ona. Kwamba mwanamume akitoa figo, nguvu za kiume zinakwisha. Tusidanganyane. Kazi ya figo ni kuchuja damu, kutoa mkojo, kupima maji na chumvi mwilini, na kusaidia utengenezaji wa damu. Mbegu za mwanamume na homoni yake vinatoka kwenye korodani, ambazo daktari wa figo hazigusi. Wanaume waliotoa figo wameoa na wamezaa. Kinachoua nguvu za kiume ni kisukari, presha, sigara na gongo, na hivyo hivyo ndivyo vinavyoua figo. Ukiwa unaogopa kutoa figo huku unakunywa kila jioni, unaogopa kisicho na meno.

Mtazame Ronald Herrick wa Marekani. Desemba 1954 mjini Boston alitoa figo moja akampa pacha wake Richard, mikononi mwa daktari Joseph Murray, ambaye baadaye, mwaka 1990, alitunukiwa Nobel. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, mwili haukuikataa. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa na kupata watoto. Ronald mwenye figo moja alikuja kufa mwaka 2010, ana miaka 79. Miaka 56 na figo moja.

Lakini sitakufanyia ulaghai wa mganga wa kienyeji, anayetaja faida akaficha hasara. Operesheni ni operesheni. Hesabu za Marekani za miaka mingi zilionyesha kifo kimoja kwa kila watoaji elfu tatu hivi, na miaka ya karibuni vifo vimepungua zaidi. Mtoaji anaweza kuja kupata presha. Hatari ya yeye mwenyewe kuja kuugua figo inaongezeka kidogo. Kwa maisha yake yote ni chini ya mtu mmoja kati ya mia, lakini ipo. Na kwa wiki kadhaa hutabeba kitu kizito. Kwa karani wa ofisini hiyo ni likizo. Kwako wewe msukuma mkokoteni ni njaa. Hilo la njaa nitalirudia, maana ndilo deni la serikali.

WANAVYOMCHAGUA MTOAJI

Usidhani unaingia mlangoni unalazwa unapasuliwa. Wengi wanaojitokeza hurudishwa, na kurudishwa si aibu.

Kwanza umri. Mtoto haruhusiwi kumtolea mtoto mwenzake, hata wangekuwa toka nitoke. Na hata kijana aliyevuka miaka 18 juzi, madaktari humtazama mara mbili, kwa sababu ana miaka mingi mbele ya kuishi na figo moja na bado hajajua presha na kisukari vya ukoo wake vitamfikia au la. Mara nyingi mzazi au mjomba mwenye miaka 30 au 40 ni chaguo zuri kuliko kaka wa miaka 19.

Pili kundi la damu. Mwenye O anaweza kumpa yeyote. Mwenye A anampa A na AB. Mwenye B anampa B na AB. Mwenye AB anampa AB mwenzake tu. Ile chanya na hasi inayoandikwa pembeni ya kundi haizuii katika figo.

Tatu, alama za urithi za chembechembe za mwili. Baba na mama kila mmoja analingana na mtoto kwa nusu, kwa sababu ndivyo mtoto alivyotengenezwa. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa, na nafasi moja kati ya nne ya kutolingana hata kidogo. Mjomba anaweza kulingana nusu kama mzazi, au asilingane. Kwa dawa za leo hata kutolingana si mwisho, mradi damu zenu zikichanganywa kwenye kipimo, kinga za mtoto zisishambulie chembe zako. Ndiyo maana mtoto mgonjwa wa figo asiongezewe damu ovyo bila lazima: kila chupa ya damu ya watu inaufundisha mwili wake kuchukia viungo vya watu.

Nne, afya yako. Presha, sukari, homa ya ini, virusi vya UKIMWI, mawe kwenye figo, na picha ya kuonyesha figo zako zote mbili ni nzima. Wangapi kijiweni kwako wamewahi kupima hata presha? Kuna atakayekwenda kwa ajili ya mtoto wa dada akarudi amejua kwamba yeye mwenyewe anaumwa, na akaokoka kwa sababu amejua mapema.

Tano, na hili ni nyeti. Vipimo vya urithi vinaweza kufichua kwamba anayeitwa baba siye baba. Vipimo havikuwekwa ili kupekua vitanda vya watu. Daktari mwenye maadili hatangazi hilo kwenye korido. Na wewe mwanamume, ukienda huko, nenda kwa ajili ya mtoto anayekuita baba, siyo kwa ajili ya kesi.

Sita, hiari yako. Taratibu njema za tiba hii zinataka mtoaji ahojiwe peke yake, bila mama, bila shangazi, bila wazee wa ukoo. Akisema sitaki, jibu lake linalindwa, na ukoo unaambiwa tu kwamba hafai kitabibu. Kwa hiyo sikulazimishi utoe, na asitokee mtu akulazimishe. Ninachosema ni kwamba ukapime, umsikilize daktari, halafu ukubali au ukatae huku unajua. Kukataa ukijua ni haki yako. Kukimbia usijue ni woga.

FIGO SI SIMU YA MKONONI

Kuna upande mwingine wa shilingi. Siku hizi wapo matapeli wanaojua wewe kijana huna kitu. Watakuja na lugha tamu: una figo mbili za nini, moja inakuletea pikipiki. Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja binafsi mjini Eldoret, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kuchapisha uchunguzi uliodai kwamba vijana masikini walishawishiwa kuuza figo zao kwa matajiri wa kigeni, wao wakaambulia sehemu ndogo tu ya fedha iliyolipwa, huku madalali wakijaza mifuko. Hospitali ilikanusha. Lakini vijana waliosimulia walikuwa watu wa aina yako: hawana ajira, wana madeni, wana makovu ubavuni.

Pikipiki itakufa baada ya miaka mitatu. Figo haioti. Anayenunua figo yako hatakuita ukivimba miguu. Na sheria yetu ya mwaka 2008 ya kupambana na biashara haramu ya binadamu inataja wazi kwamba kumsafirisha mtu kwa hila ili atolewe au auziwe viungo ni jinai. Dalali akikufuata, usimwambie nitafikiria. Mpeleke anakostahili.

KUZAA SI KAZI

Sasa tuseme imepatikana. Mjomba umepimwa umefaa, mtoto kapandikizwa, mkojo umetoka, ukoo umepiga vigelegele. Wengi wanadhani hadithi imeisha. Ndiyo kwanza inaanza. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Operesheni ni kuzaa.

Katika nchi zenye uwezo, kati ya watoto 100 waliopewa figo na mtu aliye hai, zaidi ya 90 figo zao zinafanya kazi baada ya mwaka mmoja, na zaidi ya 80 baada ya miaka mitano. Matokeo hayo ni mazuri kuliko ya figo zinazotoka kwa watu waliokufa. Lakini hayakuletwa na kisu peke yake. Yaliletwa na vidonge. Tangu siku ile mtoto anakunywa dawa za kuutuliza mwili usiikatae figo: takrolimasi, mikofenoleti, prednisoloni. Asubuhi na jioni, kwa saa zile zile, maisha yake yote. Damu inapimwa kila mara kujua kiwango cha dawa. Kikishuka, figo inashambuliwa. Kikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo. Hata balungi, tunda letu la kawaida, halifai kwake, kwa sababu linavuruga kiwango cha takrolimasi mwilini. Na kwa kuwa kinga imepunguzwa, malaria, kifua kikuu na homa ndogo ndogo kwake si ndogo.

Je, unajua watoto hawa wanapoteza figo zaidi katika umri gani? Si wakiwa wadogo, mama akiwawekea kidonge mdomoni. Wanazipoteza wakifika miaka ya 17 mpaka 24. Umri wako! Kijana anataka kuwa kama wenzake. Dawa zinamnenepesha uso, marafiki wanamcheka, anajisikia mzima, anaacha wiki moja. Figo haikupigii kelele siku ya kwanza. Inakufa kimya kimya. Figo ya mama yake, au yako wewe mjomba, inatupwa kwa sababu hakukuwa na kijana mkubwa wa kumwambia: mdogo wangu, kunywa dawa, uanaume hauko kwenye kuacha dawa. Kwa hiyo hata ukikataliwa kuwa mtoaji, kazi bado unayo. Simu yako ya kila jioni kumkumbusha saa mbili inaweza kuongeza uhai wa figo ile kwa miaka.

Na tusisahau: hata ikitunzwa, figo ya kupandikizwa haidumu milele. Mtoto wa miaka tisa huenda akahitaji ya pili akiwa mtu mzima. Ukoo usimalizwe wote siku ya kwanza. Leo baba, kesho mjomba.

DENI LA SERIKALI

Ukoo ukitoa figo, umemaliza sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni ya wale waliokuja Kilwa wakiomba kura kwa fulana na kofia.

Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Mwaka 2004 ikaanza kusafiri kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 mpaka Ubungo, ikawasha taa za Dar es Salaam. Bomba lile halikusubiri nauli. Halikuambiwa lilete barua ya mtendaji wa kata. Kama nchi iliweza kuitoa gesi Kilwa ikaifikisha mjini bila kumwaga, haiingii akilini kwamba inashindwa kumtoa mtoto wa Kilwa akafikishwa kwa daktari bila mama yake kuuza mikorosho.

Tunadai manne, na uyashike vichwani.

La kwanza ni dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mwaka huo huo, Machi, NHIF ilisitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, wakaelekezwa wasajiliwe kupitia shule, kana kwamba mtoto aliyelazwa anakwenda shule. Kelele zilipigwa mpaka kadi ikarudishwa. Fundisho ni kwamba kadi ya mtoto mgonjwa haifai kuchezewa kama bei ya nyanya. Bima isiyobeba dawa za mtoto aliyepandikizwa, tangu siku ya kwanza mpaka uzee wake, ni kiini macho. Kupandikiza figo halafu kumwacha bila vidonge ni kununua gari ukakosa pesa ya mafuta, ila hapa kinachozimika ni mtu.

La pili ni sheria. Uganda walitunga sheria ya viungo vya binadamu mwaka 2023, kisha Desemba mwaka huo huo Mulago ikapandikiza figo ya kwanza. Kenya wanayo katika Sheria ya Afya ya 2017. Sisi tulitanguliza kisu mwaka 2017 kabla ya kuwa na sheria mahsusi. Sheria tunayoitaka ni ile inayomfunga dalali, inayomlinda mtoaji anayekataa, na inayoamuru mtoaji apimwe bure kila mwaka maisha yake yote.

La tatu ni njaa ya mtoaji, ile niliyosema nitairudia. Azimio la Istanbul la 2008, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha kupinga biashara ya viungo, linakubali kwamba kumrudishia mtoaji nauli, malazi na kipato alichokosa si kununua figo. Ni haki tu. Machinga akilala wiki sita kwa ajili ya mtoto, alipwe wiki sita zake. Hapo ndipo utakapoona wanaume wanajitokeza, na mama wa Kivinje hatabaki peke yake.

La nne ni kuzuia. Mkoa wa Lindi una kichocho cha mkojo tangu enzi. Kuna waliolelewa wakiambiwa mvulana akikojoa damu ndiyo anakuwa mwanamume. Uongo! Ni minyoo iliyojichimbia kwenye kibofu, na ikiachwa miaka inaziba njia ya mkojo na kuharibu figo, wakati dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli vinavyogawiwa shuleni. Upele uliooza na koo lenye usaha vinaweza kuleta ugonjwa wa figo kwa watoto. Mtoto wa kiume anayezaliwa akakojoa kwa kudondosha badala ya kurusha huenda ana kizuizi kwenye njia ya mkojo ambacho daktari wa upasuaji anaweza kukiondoa. Haya yote hayahitaji figo ya mjomba. Yanahitaji zahanati yenye kipimo cha mkojo, maji safi ya bomba, na mganga mkuu anayetoka ofisini. Kwa chama kilichoshika nchi hii tangu Uhuru, kukosa karatasi ya kupimia mkojo zahanati ni aibu isiyo na utetezi.

Mgombea akija tena pwani ya kusini, vijana wa huko mwulizeni hayo manne, moja moja, mpaka atoke jasho. Msikubali ajibu kwa wimbo.

Na wewe uliye hapa mjini, usisubiri mgombea. Jumapili hii piga simu nyumbani. Uliza kuna mtoto gani anavimba uso asubuhi, yupi anakojoa povu au damu, na wasimpeleke kwa mganga kwanza, wampeleke kupima mkojo. Kisha wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo au kesho yake, ingia kituo cha afya kilicho karibu na kibanda chako, ukapime presha, sukari na kundi la damu. Andika kundi lako kwenye kipande cha karatasi, kiweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Siku dada yako akikupigia analia kutoka Kivinje, uwe na neno la kumwambia.